Sauti Inapoachana na Picha: Namna ya Kurekebisha Video Iliyobadilishwa Fomati

Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu kidogo, na huvumilia hata sauti yenye mikwaruzo, lakini midomo inayofunguka wakati neno limekwisha kusikika humchosha ndani ya dakika chache. Kosa hili hujitokeza sana baada ya video kubadilishwa kutoka fomati moja kwenda nyingine, na watu wengi hulikabili kwa kurudia kazi ileile kwa programu nyingine, kisha nyingine tena, mpaka wanabaki na mafaili manne ambayo kila moja lina ubovu wake. Ninashauri njia tofauti, ambayo ni kupima kabla ya kugusa chochote. Pengo kati ya sauti na picha lina tabia yake, na ukishaijua tabia hiyo umekijua chanzo, na mara nyingi umeijua dawa pia.

Faili la video si kitu kimoja. MP4, MKV, MOV, AVI na TS ni kontena tu, yaani vifungashio, na ndani yake mna angalau mikondo miwili inayojitegemea: mkondo wa picha, unaohesabiwa kwa fremu (picha mojamoja) 24, 25, 30 au zaidi kila sekunde, na mkondo wa sauti, ambao kwa kawaida huwa na sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 au 44,100 kila sekunde. Kinachoiunganisha mikondo hiyo ni alama za muda zinazomweleza mchezeshaji, yaani programu au kifaa kinachochezesha video, kwamba fremu hii ionekane sasa na kipande hiki cha sauti kisikike sasa. Kubadili fomati ni kuifungua mikondo hiyo na kuifunga upya, na hapo alama za muda zinaweza kupotea, kusomwa vibaya, au kuandikwa kwa kukisia.

Kwanza, hakikisha kosa limo ndani ya faili

Spika za masikioni za Bluetooth huchelewesha sauti, wakati mwingine kwa zaidi ya milisekunde 150, na si kila programu hufidia ucheleweshaji huo. Kompyuta dhaifu inayoshindwa kufungua video ya ukubwa wa 4K huiacha picha nyuma huku sauti ikiendelea. Televisheni nazo huchukua muda kusafisha picha kabla ya kuionyesha. Kwa hiyo sikiliza kwa spika za waya au za kompyuta yenyewe, na uichezeshe video katika programu mbili tofauti, kwa mfano VLC na mpv. Kisha chezesha faili la asili, lile la kabla ya kubadilishwa, kwa vifaa vilevile. Ikiwa nalo lina pengo, kubadili fomati hakuna hatia, na muda wowote utakaoutumia kurekebisha mipangilio ya ubadilishaji utapotea bure.

Kupima pengo

Tafuta mahali ambapo jambo moja linaonekana na kusikika kwa ghafla: kofi, mlango unaofungwa, kikombe kinachowekwa mezani. Kama video nzima ni watu wanaozungumza, tumia sauti za b, m na p, kwa sababu hazitamkiki bila midomo kukutana. Mtu anaposema “mama” au “baba” midomo hufungwa mara mbili, na ni rahisi kuona kama kufungwa huko kunakwenda sambamba na unachokisikia. Sauti kama k au s hazikusaidii, kwa kuwa kazi yake hufanyika ndani ya kinywa.

Katika VLC kwenye Windows au Linux, kitufe cha K huichelewesha sauti kwa milisekunde 50 kila ukibonyeza, na kitufe cha J huiwahisha kwa kiasi hichohicho, huku namba ikionyeshwa kwenye skrini. Bonyeza mpaka sauti na midomo vikubaliane, kisha andika namba hiyo pamoja na dakika uliyopo. Fanya hivyo mwanzoni mwa video, katikati, na karibu na mwisho. Usiridhike na kipimo kimoja, kwani kipimo kimoja hakiwezi kukuambia kama pengo limesimama au linatembea.

Namba hizo tatu zitakuonyesha mojawapo ya mambo matatu. Pengo linaweza kuwa lilelile kila mahali. Linaweza kukua polepole kadiri video inavyoendelea. Au linaweza kuwa sifuri kwa muda mrefu kisha likaruka ghafla.

Je, usahihi kiasi gani unatosha? Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la BT.1359, linaeleza kwamba watazamaji huanza kugundua kosa sauti inapotangulia kwa takriban milisekunde 45 au inapochelewa kwa takriban milisekunde 125. Tofauti hiyo ina sababu katika maisha yetu. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo fundi anayepiga nyundo mita 34 kutoka ulipo unamwona akipiga na unamsikia baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Masikio yetu yamezoea sauti inayochelewa, lakini hakuna mahali popote katika maumbile ambapo sauti hulitangulia tendo. Ukishindwa kuamua kati ya vipimo viwili, chagua kile kinachoiacha sauti nyuma kidogo.

Pengo lisilobadilika

Hili ndilo jepesi kuliko yote. Chanzo chake cha kawaida ni kukata video bila kuibana upya. Picha iliyobanwa inaweza kuanza tu kwenye fremu kamili, yaani isiyotegemea fremu nyingine, na fremu hizo zinaweza kupishana kwa sekunde kadhaa, ilhali sauti inaweza kukatwa karibu popote. Programu ikikata sauti mahali ulipotaka na picha kwenye fremu kamili iliyotangulia, na tofauti hiyo isipoandikwa vizuri kwenye kontena, mikondo miwili huanza kwa kupishana na hubaki hivyo hadi mwisho.

Chanzo kingine kimejificha zaidi. Kodeki ya AAC, yaani mojawapo ya njia za kubana sauti, hufanya kazi kwa vipande vya sampuli 1,024, na kabla ya sauti halisi huongeza ukimya mfupi wa kujianzishia. Ukimya wa sampuli 2,112, ambao ni wa kawaida kwa baadhi ya programu, ni sawa na milisekunde 44 katika kasi ya sampuli 48,000. MP4 ina orodha ya marekebisho inayomwelekeza mchezeshaji aruke ukimya huo, lakini si kila programu huiheshimu. Mara moja haidhuru, ila faili lililopita mikononi mwa programu tatu za namna hiyo linaweza kukusanya zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Kwa marekebisho, FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za kuandikwa, inaweza kusogeza mkondo mmoja bila kubana chochote upya. Tuseme umepima na kuona kwamba sauti inapaswa kucheleweshwa kwa milisekunde 250. Faili hilohilo linaitwa mara mbili, na muda unaongezwa kwenye nakala ya pili ambayo kutoka kwake tunachukua sauti peke yake:

ffmpeg -i asili.mp4 -itsoffset 0.25 -i asili.mp4 -map 0:v -map 1:a -c copy mpya.mp4

Kama sauti ndiyo iliyochelewa, icheleweshe picha badala ya kuiwahisha sauti, kwa kubadilishana zile alama za mikondo tu: andika -map 1:v -map 0:a. Ninapendelea hivyo kuliko kutumia namba hasi, kwa sababu alama za muda zilizo chini ya sifuri hutafsiriwa kwa namna tofauti na programu tofauti. Wasiopenda kuandika amri wanaweza kutumia MKVToolNix: chagua mkondo wa sauti, andika idadi ya milisekunde katika nafasi ya ucheleweshaji, na uhifadhi. Namba chanya huichelewesha sauti.

Njia zote mbili zina udhaifu mmoja, kwamba pengo limezibwa kwa maandishi ya kontena tu. Kifaa kisichosoma maandishi hayo kitaonyesha kosa lilelile. Ikiwa video itachezeshwa kwenye vifaa usivyovijua, ni afadhali kuibana sauti upya na kuutia ukimya ndani ya sauti yenyewe, huku picha ikiachwa kama ilivyo:

ffmpeg -i asili.mp4 -c:v copy -af adelay=250:all=1 -c:a aac -b:a 192k mpya.mp4

Pengo linalokua

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na ndipo hesabu ndogo inapookoa siku nzima ya kazi. Chukua ukubwa wa pengo mwishoni, toa lile la mwanzoni, kisha gawanya kwa muda uliopita kati ya vipimo hivyo viwili. Jibu utakalopata hutaja chanzo.

Ukipata takriban sekunde 3.6 kwa kila saa, yaani sehemu moja ya elfu, umekutana na urithi wa televisheni ya rangi ya Marekani. Mwaka 1953, mfumo wa rangi ulipopitishwa, kasi ya fremu 30 ilipunguzwa kwa uwiano wa 1000 kwa 1001 ili ishara ya rangi isigongane na ishara ya sauti, na tangu hapo tunaishi na kasi za 29.97 na 23.976. Programu inayoichukulia 29.97 kuwa 30, au 23.976 kuwa 24, huikimbiza picha kwa kiasi hicho kidogo, na sauti hubaki nyuma taratibu.

Ukipata takriban dakika mbili na nusu kwa saa, yaani asilimia 4 hivi, basi video ya fremu 24 au 23.976 imechezeshwa kwa kasi ya fremu 25, au kinyume chake. Nchi zilizotumia mfumo wa televisheni wa PAL, wa fremu 25 kwa sekunde, zilikuwa zikiziharakisha filamu kwa namna hiyo makusudi, hivyo filamu ya dakika 60 ikaisha kwa dakika 57 na sekunde 36. Tatizo huzuka sauti inapotoka toleo moja na picha toleo jingine.

Ukipata karibu asilimia 9, na waongeaji wakawa na sauti nyembamba au nzito isivyo kawaida, chunguza kasi ya sampuli. Sauti ya sampuli 44,100 iliyosomwa kana kwamba ni ya 48,000 huisha mapema: saa nzima humalizika kwa dakika 55 na sekunde saba na nusu. Hapa usinyooshe wala kufupisha kitu. Rudi kwenye faili la asili na ubadili upya ukitaja kasi sahihi ya sampuli.

Na ukipata sehemu ndogo tu ya sekunde kwa saa, yamkini sauti na picha vilirekodiwa kwa vifaa viwili, kila kimoja na saa yake ya ndani. Saa mbili zinazotofautiana kwa sehemu 50 katika milioni huachana kwa sekunde 0.18 kila saa, na hilo si kosa la yeyote.

Ukiwa na uwiano, marekebisho ni mafupi. Pima matukio mawili yaliyo mbali, moja karibu na mwanzo na moja karibu na mwisho, na uandike umbali kati yao katika sauti na umbali kati yao katika picha. Gawanya umbali wa sauti kwa umbali wa picha. Kama sauti inachukua sekunde 3,603.6 pale picha inapochukua 3,600, jibu ni 1.001, na sauti inapaswa kuharakishwa kwa kiasi hicho:

ffmpeg -i asili.mkv -c:v copy -af atempo=1.001 -c:a aac -b:a 192k mpya.mkv

Kichujio cha atempo hubadili mwendo bila kubadili wembamba au unene wa sauti. Kama sauti ndiyo nzuri na picha ndiyo iliyoandikiwa kasi isiyo yake, iache sauti na uirekebishe kasi ya fremu kwenye kontena, jambo ambalo MKVToolNix hulifanya kwa amri yake ya mkvmerge bila kugusa picha yenyewe:

mkvmerge -o mpya.mkv --default-duration 0:24000/1001p asili.mkv

Andika 24000/1001 na si 23.976. Namba ya desimali imekatwa, na katika kazi hii ukataji mdogo hujumlishwa maelfu ya mara. Hakikisha pia kwamba 0 ndiyo namba ya mkondo wa picha katika faili lako.

Hata hivyo, kabla ya kutumia uwiano wowote, uliza swali moja: je, faili la asili lina kasi ya fremu isiyobadilika? Simu nyingi hupunguza idadi ya fremu mwanga unapokuwa hafifu au simu inapopata joto, na programu nyingi za kurekodi skrini au mikutano huandika fremu mpya pale tu kitu kinaposogea. Video ya namna hiyo huchezeka vizuri kwenye simu kwa kuwa kila fremu ina alama yake ya muda. Ikiingizwa katika programu ya kuhariri inayodhani kwamba fremu zote zina urefu sawa, sauti huanza kuachana na picha, na si kwa mwendo wa sawasawa. Niliwahi kuhangaika na mahojiano ya saa moja yaliyorekodiwa kwa simu, nikayarekebisha mwisho wake kwa uwiano nilioukokotoa vizuri, na katikati pakaharibika zaidi ya awali. Hesabu haikuwa na kosa; nilichokosea ni kutumia mstari ulionyooka kwenye kitu kilichopinda.

MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili la video, hukujibu swali hilo mara moja. Katika mstari wa “Frame rate mode”, neno “Variable” maana yake kasi inabadilika. Dawa ni kuisawazisha kasi ya fremu kabla ya kuhariri au kubadili fomati. Katika HandBrake, programu ya kubadili fomati, nenda kwenye ukurasa wa “Video” na uchague “Constant Framerate” badala ya “Peak Framerate”. Kwa FFmpeg:

ffmpeg -i simu.mp4 -r 30 -fps_mode cfr -c:v libx264 -crf 18 -af aresample=async=1 -c:a aac -b:a 192k sawa.mp4

Matoleo ya FFmpeg ya kabla ya 5.1 hayaijui fps_mode kwa jina hilo jipya. Humo andika -vsync cfr mahali pa -fps_mode cfr. Hatua hii hubana picha upya, na hakuna njia ya kulikwepa hilo, ndiyo maana nimeweka -crf 18 ili ubora usishuke kwa kiasi cha kuonekana.

Pengo linaloruka

Video inakwenda vyema hadi dakika ya ishirini, kisha ghafla sauti iko mbele kwa nusu sekunde na inabaki hapo mpaka ruko jingine. Rekodi za televisheni katika faili la TS hufanya hivyo pale mawimbi yalipokatika na data ikapotea. Kanda za zamani za VHS zilizohamishiwa kwenye kompyuta hufanya hivyo pale kifaa kilipodondosha fremu. Kuunganisha vipande vingi nako huleta jambo kama hilo kwa hatua ndogondogo: sauti ya AAC huisha kwenye mpaka wa kipande cha sampuli 1,024, ambacho katika kasi ya 48,000 ni milisekunde 21, kwa hiyo kila kipande cha video kinaweza kuwa na sauti inayozidi picha kwa kiasi hicho. Ukiunganisha vipande ishirini kwa kupanga sauti na picha foleni mbili zisizotazamana, tofauti inaweza kukaribia sekunde 0.4.

Kosa kubwa linalofanywa hapa ni kuitoa sauti nje kama faili la WAV, kuisafisha, na kuirudisha. WAV haina alama za muda kwa kila kipande. Palipokuwa na tundu la nusu sekunde, sauti ya mbele husogea na kulifunika, na kila kinachofuata kinawahi kwa nusu sekunde. Wakati faili lingali na alama zake za muda, mwache FFmpeg azisome na ajaze matundu kwa ukimya:

ffmpeg -i rekodi.ts -c:v copy -af aresample=async=1:first_pts=0 -c:a aac -b:a 192k rekodi.mkv

Thamani ya 1 huruhusu kujaza na kukata tu. Thamani kubwa zaidi, kwa mfano 1000, huruhusu pia kunyoosha au kubana sauti hadi sampuli 1,000 kwa sekunde, na hiyo inafaa pale pengo linapokuwa limechanganyika na kukua. Kama alama za muda zenyewe zimeharibika, haibaki njia ila kuikata video kwenye kila ruko katika programu ya kuhariri na kukisogeza kila kipande kwa mkono. Ni kazi ya subira, lakini huisha.

AVI inastahili neno fupi. Kontena hilo, lililotolewa na Microsoft mwaka 1992, haliandiki alama ya muda kwa kila fremu, na sauti ya MP3 yenye kiwango cha biti kinachobadilika haikai humo vizuri. Ukipokea faili la AVI lenye sauti ya aina hiyo, libadili kuwa MKV na uibane sauti upya.

Kujaribu matokeo

Watu hupenda kujaribu mipangilio kwa kubadili dakika moja ya mwanzo. Kwa pengo linalokua, jaribio hilo halithibitishi kitu: kosa la sekunde 3.6 kwa saa ni milisekunde 60 tu baada ya dakika moja, na sauti iliyochelewa kwa milisekunde 60 hakuna atakayeigundua. Badili video nzima, lakini kwa picha ndogo na ya haraka, kwa kuongeza -vf scale=-2:240 -preset ultrafast pale unapotumia libx264. Kisha ruka moja kwa moja hadi dakika tano za mwisho, tafuta b, m na p, na upime tena kwa vitufe vya J na K. Ikiwa namba imerudi karibu na sifuri mwanzoni, katikati na mwishoni, rudia kazi kwa ubora kamili kutoka kwenye faili la asili, wala si kutoka kwenye faili la majaribio.

Hatimaye ichezeshe kwenye kifaa ambacho watazamaji watakitumia. Kama kwenye kompyuta imekaa sawa na kwenye televisheni sauti imepishana kwa kiasi kilekile kuanzia mwanzo hadi mwisho, jaribu video nyingine usiyoigusa kwenye televisheni hiyo. Ile ikiwa sawa na yako haiko sawa, televisheni haisomi marekebisho ya kontena, na utahitaji ile amri ya adelay inayoutia ukimya ndani ya sauti yenyewe.